Nyumba Isiyo na Ukuta Mmoja

Mlima wa Baba ulikuwa umelala kifudifudi ndani ya kontena la takataka, misonobari yake yote imetazama chini. Nilisimama kando ya barabara, mkono mmoja bado uko kwenye mlango wa gari, nikautambua mlima huo kwa upande wake wa ndani: magazeti ya zamani yaliyoshikana kwa gundi, plasta, wavu wa kuku. Mtu alikuwa ametupa juu yake zulia kuukuu na kopo la rangi. Kutoka kwenye kidirisha cha chini ya nyumba, kile kilicho usawa wa nyasi, ilisikika nyundo. Pigo, kimya kidogo, pigo.

Aliyeniita ni Bibi Eisele, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alinipigia simu kazini, mjini Ulm, nikiwa nachonga meno bandia ya mwalimu mmoja mstaafu. "Njoo, mwanangu," alisema. "Kaka yako anang'oa reli za mzee. Anazing'oa kama magugu." Nilivua aproni, nikaliacha taya la watu mezani, nikaendesha gari hadi kwetu Weilersbronn bila kukumbuka hata kona moja ya njiani.

Nilishuka ngazi. Gernot alikuwa amevaa fulana tu, tumbo limetokeza, nywele nyeupe kwa vumbi la plasta. Meza iliyojaza chumba kile kizima tangu nikiwa mtoto ilikuwa imebaki miguu.

"Umekuja bure," alisema. "Kazi imekwisha."

"Baba anajua?"

"Baba yuko hospitali na nyonga mpya, Mechthild. Atatembea kwa magongo. Ngazi hizi hatazishuka tena. Ulitaka nifanye nini, nimjengee lifti?"

"Ulimwahidi."

"Nilimwahidi chumba. Chumba si hiki hapa?" Akanyoosha nyundo kuonyesha kuta nne tupu, akacheka. "Sieglinde anaumwa mgongo, daktari anataka apate joto. Naweka sauna. Hata mzee ataifurahia, utaona."

"Ungenipigia nije nizichukue."

"Uzipeleke wapi? Kwenye kile chumba chako cha Ulm? Ungelala juu ya daraja au chini yake?" Alijifuta paji la uso kwa mkono wa fulana. "Ni vidude vya kuchezea, dada. Umeshakuwa mtu mzima."

Nilitoka nje, nikapanda kwenye kontena kwa viatu vyangu vya kazini, nikaanza kuchimba. Nilipata mabehewa matatu ya kijani, moja halina magurudumu, na nusu ya stesheni ya Kaltenbach, ile yenye saa. Injini sikuiona. Sieglinde, mkewe, alifungua dirisha la jikoni. "Angalia usijikate, wifi," akasema kwa upole, kisha akalifunga.

*

Baba yetu, Alfons Häberle, alikuwa mkata tiketi kwenye treni ya abiria iliyopanda bonde letu: Weilersbronn, Sägmühle, Kaltenbach, na kurudi. Alijua nani anashuka wapi na nani ataomba asubiriwe kidogo kwa sababu kikapu cha mayai bado kiko juu. Mwaka nilioanza shule reli ilifungwa. Mabasi yakaja. Vyuma vikang'olewa vikauzwa, na Baba akahamishiwa stesheni kubwa, akawekwa nyuma ya kioo, auze tiketi kwa watu wasiomsalimu. Hakulalamika. Jioni moja alirudi na mbao begani, akapita jikoni bila kuvua koti, akashuka chini, na sisi tukasikia msumeno.

Alichokijenga huko chini, kwa miaka, ni bonde letu lote. Mto ulikuwa wa gundi iliyokauka. Nyasi zilikuwa unga wa mbao aliouchovya kwenye rangi ya kijani kwenye sufuria ya Mama, jambo lililowafanya wasisemeshane kwa wiki nzima. Treni zake zilikuwa za abiria tu. Mwenzake wa kazini aliwahi kumletea zawadi ya mabehewa ya makaa. Baba alishukuru sana, akayaweka kabatini, na humo yakabaki. "Makaa hayana mtu anayeyasubiri kituoni," aliniambia.

Baada ya chakula cha jioni alivaa kofia yake ya zamani ya kazi, tukashuka. Alizima taa ya dari, akawasha za bondeni, moja baada ya nyingine, nyumba kwa nyumba. Kisha treni. Ilianza kwa mguno mdogo, mabehewa yakashtuana, yakafuata. Mwanga wa madirisha yake ulikuwa na rangi ya chai ya limau, ukateleza juu ya nyasi, ukapanda ukuta wa kanisa, ukaingia handakini na kutuacha gizani na sauti peke yake. Ilipokuwa inapanda kuelekea Kaltenbach injini ilibadili sauti, ikawa kama mtu anayejisemea moyoni, na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya mashine yaliyopata moto. Kazi yangu ilikuwa kutangaza vituo. Jumapili tuliongeza behewa la chakula, lenye vitaa vya kofia nyekundu juu ya kila meza, vidogo kuliko punje ya mtama. Baba aliinama mpaka shavu likagusa ubao, akafumba jicho moja, akaitazama treni inavyomjia. Nami nikafanya hivyo hivyo upande wa pili. Kwa muda ule treni ilikuwa kubwa, na sisi ndio tuliokuwa wadogo.

Gernot, kaka yangu aliyenitangulia, hakuwa mtu wa kushuka. Alikuwa na mpira, kisha pikipiki, kisha Sieglinde. Baadaye akafungua duka la makabati ya jikoni, akanawiri. Mama alipokufa Baba aliandikisha nyumba kwa jina la Gernot, kwa sababu ndiye aliyebaki mjini. Mimi sikuona ubaya. Sharti la Baba lilikuwa moja tu, na alilitamka mezani, mbele ya sahani za dengu na tambi: chumba cha chini ni chake mpaka siku atakayokufa. Gernot alimshika mkono. "Baba, hilo hata si la kusema." Nilikuwepo. Nilikuwa nampakulia soseji.

*

Baba alirudi kutoka kituo cha mazoezi ya tiba wakati miti imeshapukutika. Nilikuwa nimemwomba Gernot aniachie mimi nimweleze, na alikubali, ila alimchukua mapema kuliko tulivyopanga. Nilipofika, Baba alikuwa ameshafika chini. Alikuwa amezishuka ngazi zote zile kwa makalio, moja moja, magongo yamelazwa mapajani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palinukia mbao mpya. Palikuwa na mabenchi mawili, na ndoo ndogo yenye kata.

"Ni ya kuota joto, Baba," Gernot alisema kutoka juu. "Itakusaidia nyonga."

Baba aliyaangalia mabenchi. Akaiangalia pembe ilipokuwa Kaltenbach. Kisha akauvuta mlango polepole mpaka ukajifunga wenyewe, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala.

"Nisaidie kupanda," akaniambia.

Hakulitaja tena. Angelia, ningemfuta machozi. Angetukana, ningemsaidia kutukana. Alikaa tu kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, na saa ya treni ya jioni ilipofika niliona kidole gumba chake kikizungusha kitu ambacho hakikuwepo. Alikufa kabla theluji haijayeyuka. Daktari alisema moyo.

Makaburini Gernot alivaa koti jeusi jipya. Alisimama mbele ya watu wote wa Weilersbronn, wengine wao wazee waliowahi kukatiwa tiketi na Baba, akasema, na sauti ikimtetemeka vizuri kabisa: "Baba alikuwa na treni zake. Na sisi nyumbani tulizitunza mpaka pumzi yake ya mwisho."

Wanawake walitoa leso. Bibi Eisele aligeuka akanitazama, mimi nikatazama chini. Kwenye chakula cha baadaye watu walipanga mstari kumshika Gernot mkono, wakisema laiti kila mzee angekuwa na mwana kama yeye. Mtu aliniwekea kipande cha mkate wa kitunguu. Nilikitafuna mpaka kikaisha ladha.

Hapo ndipo ilipoanza. Kontena lilinitia uchungu tu. Hotuba ile ndiyo iliyonipa hasira, na nikaja kugundua kwamba hasira ni kitu unachoweza kuishi nacho vizuri, kama paka. Unailisha kidogo asubuhi, inakungoja ukirudi jioni.

*

Iliningoja miaka. Gernot alizidi kunawiri. Mji ulipoamua kulikarabati jengo la stesheni ya zamani liwe jumba la kumbukumbu, nani mwingine angekuwa mwenyekiti wa kamati? Mtoto wa mkata tiketi. Nilimsoma kwenye gazeti akisema amekulia kati ya reli.

Siku moja akaja Ulm, kwenye karakana yangu, na boksi la keki za plamu na tufaha. Hakuwahi kufika pale tangu aanguke na pikipiki, na meno mawili ya mbele aliyovunja siku hiyo nilimtengenezea mimi. Alipotabasamu yalinitabasamia yenyewe, kazi ya mikono yangu.

"Bado unayo yale mabehewa?" aliuliza.

"Ninayo."

"Sikiliza, dada. Nataka kitu cha kumkumbuka Baba. Meza kubwa pale stesheni, kwenye chumba cha abiria kusubiria. Bonde zima, reli, treni inazunguka. Wewe ndiye unayelijua. Meya atakuja, kwaya itakuja, gazeti litakuja." Akanisogelea. "Yaliyopita, Mechti, yamepita. Nafikiri hata Baba angependa."

Hakuwa ameniita Mechti tangu tuko watoto.

"Unalitaka bonde kama Baba alivyolijenga?" nikamuuliza.

"Kama lilivyokuwa. Kwa ukweli wote, kila kitu mahali pake. Watu waone."

"Kwa ukweli wote," nikasema. "Nitakutengenezea."

Sikumbuki kipindi kingine maishani nilichofurahi namna ile. Kila nikimaliza kazi nilipanda basi kwenda Weilersbronn, nikajifungia kwenye chumba cha kusubiria na kikombe cha kahawa. Mikono yangu ilikuwa imezoea vitu vidogo. Jino likikosea hata kwa unene wa unywele, mtu hawezi kutafuna. Nikautandika mto. Nikapanda misonobari. Nusu ya stesheni ya Kaltenbach niliijengea nusu yake nyingine, na unaweza kuona mpaka leo ukuta unapobadilika rangi. Mabehewa matatu ya Baba niliyatia magurudumu na taa. Siku nilipoyaunganisha na injini mpya na kuyaona yakipanda, mwanga wa limau ukiteleza kwenye theluji niliyoimwaga muda huo huo, nililaza shavu ubaoni nikafumba jicho moja. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikauma.

Gernot alipenda kuja kukagua. Alileta wageni, akawaelekeza kwa kidole kila kitu kana kwamba ni yeye aliyekijenga.

"Na nyumba yetu ipo?"

"Hiyo hapo."

Aliinama. Vigae vyekundu, uzio, dirisha la jikoni. "Jamani! Mpaka masanduku ya maua ya Sieglinde!" Akanipiga piga begani. "Wewe ni fundi, dada. Fundi hasa."

Upande wa nyuma wa nyumba ile, unaotazama yaliko mabenchi ya wazee, ulikuwa na ukuta kama nyumba nyingine yoyote. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ukuta huo umeshikiliwa na pini mbili.

Gernot mwenyewe nilimchongea Ulm, mlango umefungwa, chini ya lenzi, kwa ile ile nyenzo ninayotengenezea meno. Nilimpa fulana. Nilimpa tumbo. Nyundo niliifanya kwa kichwa cha sindano. Uso wake ulinichukua jioni nyingi, kwa sababu sikutaka awe na sura ya mwovu. Nilitaka awe vile alivyokuwa: mtu mwenye furaha, anayefanya kazi za nyumbani siku ya mapumziko. Nilimfungua mdomo kidogo, nikamwekea meno meupe.

Chumba cha chini nilikichimba kwenye ubao wa meza yenyewe, chini ya nyumba. Meza iliyovunjika, reli zilizopinda, behewa limelala ubavu. Mbele ya nyumba, kontena. Ndani ya kontena, mlima mdogo kifudifudi. Hilo nililifunika kwa gari la kubebea nyasi mpaka siku yenyewe.

Baba nilimweka kwenye treni. Amesimama mlangoni pa behewa la mwisho, na kofia.

*

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, baada ya misa. Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Kwaya iliimba. Meya alisema machache. Kisha Gernot, koti la kijivu, ua kifuani, akasimama mbele ya kitambaa nilichofunika meza yote.

"Ndugu zangu," alisema, "wengi wenu mlimjua baba yangu. Treni hizi zilikuwa uhai wake. Sisi nyumbani tulizitunza mpaka mwisho, na leo tunazikabidhi kwa mji."

Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mwendeshaji, swichi mkononi. Nilimwangalia Bibi Eisele. Alikuwa benchi la kwanza la wazee, upande wa nyuma wa nyumba yetu, miwani imening'inia kifuani.

Gernot akavuta kitambaa. Watu walishusha pumzi wote pamoja, kisha wakapiga makofi. Nikaiwasha treni. Sikuwa na haraka. Niliiacha ipande Kaltenbach na kurudi, niwaache waoneshane nyumba zao, duka la mwokaji, mti uliopigwa na radi. Wazee wawili walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya lango la Sägmühle. Mama mmoja alilia kwa sababu nilikuwa nimemweka marehemu mumewe kwenye jukwaa, na baiskeli yake. Gernot alikuwa akipeana mikono.

Treni ilipotokea handakini mara ya pili nikaisimamisha mbele ya nyumba yetu, mahali pasipo na kituo. Nikabonyeza swichi nyingine. Taa ikawaka chini ya nyumba.

Ilichukua muda. Bibi Eisele alivaa miwani. Akainama, akainama zaidi.

"He!" akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wanaosikia kwa shida. "Gernot, huyu si wewe?"

Mtu akacheka, akidhani ni utani. Wengine wakazunguka meza kuja kuona. "Kweli ni yeye, tazama tumbo." "Anafanya nini na nyundo?" "Na haya si mabehewa?"

"Si ndiyo siku ile!" Bibi Eisele akaendelea. "Na kontena lenyewe hili hapa, na mlima ndani. Mimi niliona kwa macho yangu. Mzee wa watu yuko hospitali, huyu anamvunjia treni zake kwa nyundo, aweke sauna. Nikampigia simu huyu binti."

Kicheko kilikufa kuanzia waliokuwa karibu, kikafa mpaka mlangoni. Meya alijiinua taratibu, akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa koti. Gernot alipenya katikati ya watu akiwa bado na tabasamu, kama mtu anayekuja kuambiwa kichekesho. Akatazama. Nilimwona akijitafuta, na nikamwona akijipata.

"Mechthild," alisema. "Ukuta uko wapi?"

Mbele ya watu wote wale, hilo ndilo lililomjia.

"Nimeutoa," nikasema. "Ulitaka ukweli wote."

Sieglinde alichukua mkoba wake, akatoka bila kumngoja. Nikazungusha swichi. Treni ikaguna, mabehewa yakashtuana, na Baba akapita mbele ya ile taa, mlangoni pa behewa la mwisho, akitazama mbele.

*

Kulikuwa na vikao. Baadhi ya wajumbe walitaka nyumba ile irudishiwe ukuta, wengine wakasema si kazi ya jumba la kumbukumbu kuficha. Wakati wakibishana watu walianza kuja kutoka miji mingine kuiona, na mabishano yakaisha yenyewe. Gernot aliacha uenyekiti, akisema ni shinikizo la damu. Hakuna aliyemtukana. Watu wa kwetu hawatukani. Walimsalimia buchani, wakamuuliza habari za mvua, wakaenda kununua makabati ya jikoni mji wa pili.

Nilihamia Weilersbronn nilipostaafu, na treni naziendesha mimi. Mchana mmoja wa katikati ya wiki, hakuna mgeni, mlango ulifunguliwa akaingia Gernot. Alikuwa amekonda. Alizunguka meza mpaka nyuma ya nyumba, akasimama na kofia mkononi.

"Utaniacha humo mpaka lini?"

"Sijapanga."

"Umeshanionyesha kwa mji mzima. Bado hujatosheka?"

"Bado."

Alitikisa kichwa. Treni ilizunguka, akaifuata kwa macho mpaka ikaingia handakini. "Nilishuka siku moja," akasema. "Wewe ulikuwa kitandani, una surua. Nikamwomba Baba niendeshe. Nikaipeleka kasi, ikaruka mezani. Hakunipiga. Alinitoa swichi mkononi, akaniambia nenda kacheze mpira. Basi. Sikushuka tena."

"Hukuwahi kusema."

"Kwa nani? Mlikuwa mnafunga mlango."

"Mlango haukuwa na kufuli, Gernot."

Alinitazama kana kwamba nimesema kitu cha kijinga sana na hana nguvu ya kunielewesha. Kisha akainama tena, akajitazama kwenye kile chumba kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe watu wazima nikamwona karibu acheke kweli.

"Angalau ungelipunguza tumbo."

"Lilikuwa hivyo."

"Lilikuwa hivyo," akakubali, akavaa kofia.

Alikufa masika yaliyofuata, kwa ugonjwa wa kongosho. Nilienda mazikoni nikakaa nyuma. Hakuna aliyehutubia.

Mwezi uliopita Sieglinde alinijia asubuhi kabla sijafungua. Tulikuwa hatujazungumza tangu ile Jumapili. Alikuwa amezeeka vizuri, wima, amevaa nyeusi bado, na alikuwa ameniletea chupa ya jamu ya plamu, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la tiketi kama mtu asiyetaka kuonekana ameleta kitu.

"Wifi," akasema, "mwenyewe ameshakufa. Wajukuu wake wanaletwa hapa na shule. Mtoe sasa."

"Nimekusikia."

"Hilo ni ndiyo au hapana?"

"Nimekusikia, Sieglinde."

Aligeuka, akaenda. Nilizisikia nyayo zake zikififia kwenye kokoto za nje.

Nikachukua kibano, nikamwondoa. Gundi ilikuwa imeshalegea, alitoka kirahisi. Nilimlaza kiganjani, hakuwa na uzito wowote. Ile taa ndogo, kwa miaka yote hiyo, ilikuwa imempausha. Mashavu yamegeuka kijivu, fulana imekuwa njano, na ule mdomo wazi ulionekana kama wa mtu anayetaka kuomba maji. Kisha nikavuta kiti karibu na dirisha, nikavaa lenzi, nikafungua vikopo vya rangi. Nyekundu kidogo kwenye mashavu. Nyeupe kwenye fulana. Meno niliyaacha mwisho, yanataka brashi ya unywele mmoja na pumzi uibane.

Aliporudi kuwa mzima nilimtia tone la gundi miguuni, nikamrudisha mahali pake. Nje watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Nikaenda kufungua mlango.